Jumamosi za Matroni

Matroni wa bweni la wasichana alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha waliolala na waliojifanya wamelala. Siku tano za juma kazi yake ilikuwa ugomvi mtupu: shuka hazijatandikwa, ndoo zimeachwa bafuni, mmoja kaficha biskuti ndani ya soksi na sisimizi wamekwisha pata habari. Lakini Jumamosi mbili za kila mwezi aligeuka mtu mwingine. Alivaa viatu vya raba na kwenda kukaa ndani ya basi kabla dereva hajamaliza chai yake. Hizo zilikuwa siku za matembezi, na matembezi yalianzishwa na yeye.

Zamani wasichana walimalizia wikiendi bwaloni, wakigombania televisheni moja. Matroni akamwendea mwalimu mkuu wa wakati ule, akambembeleza mpaka akachoka kukataa. Tangu hapo imepita miaka kumi na tisa ya kuzunguka nao. Makumbushoni wameona mifupa ya nyangumi iliyoning'inizwa kwa waya. Kwenye bustani ya wanyama wamemtazama mamba mzee ambaye hakuna aliyewahi kumwona akisogea, hata wengine wakaapa kuwa ni wa saruji. Wameingia sinema ya mchana, wamekodi mitumbwi ya kupiga makasia bwawani, wameogelea. Matroni mwenyewe aliujua mji kwa njia hiyo tu. Alikuwa mjane, wanawe wamehamia mbali, na chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya bweni, karibu na stoo ya magodoro.

Mwalimu mkuu wa sasa hakuyapenda matembezi. Alishamwambia kwamba likitokea jambo moja tu, "tutayaangalia upya." Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua maana yake, na Matroni alikosa usingizi siku mbili kwa maneno hayo.

Ndiyo maana alikuwa mkali kwenye kuhesabu. Kila msichana alikuwa na pacha wake wa matembezi. Pacha huingia naye basini, hukaa naye, hata chooni humsubiri mlangoni, na akikosekana mwenzake ni yeye wa kupiga kelele. Juu ya hayo Matroni husimama kwenye ngazi ya basi akigusa kila bega linalopita. Wasichana walimcheka, lakini mapacha walishikana.

Jumamosi ile ilikuwa zamu ya bwawa la kuogelea. Walikuwa watoke arobaini na wawili, ila mmoja aliamka na homa, wakabaki arobaini na mmoja. Pacha wake, msichana mwembamba wa kidato cha kwanza aliyezungumza kwa kunong'ona, akasimama peke yake kwenye mstari.

"Usijali, mwanangu," Matroni akamwambia. "Leo pacha wako ni mimi."

Bwawani walikuta shule nyingine, nayo ina sweta za bluu kama zao, na basi la kukodi jeupe kama lao. Saa tisa wote waliingia chumba kimoja cha kubadilishia nguo, wakatoka nywele zinadondoka maji, na hapo hata mama mzazi angebabaika. Matroni akasimama kwenye ngazi. Bega la kwanza, la pili, mpaka la arobaini na moja. Akaridhika, akagonga bati, basi likaondoka.

Walikuwa wamekwenda dakika ishirini na tano, msichana mmoja aliyelala kiti cha nyuma akaamka, akatazama huku na huku.

"Samahani," akauliza kwa adabu, "hili ni basi la shule gani?"

Basi zima liliangua kicheko. Matroni hakucheka. Kama huyu si wake na hesabu ilitimia, basi wake mmoja hayumo, na kabla hajageuka alishajua ni nani. Kiti cha ubavuni mwake kilikuwa na kikapu chake cha taulo.

Dereva aligeuza gari bila kuambiwa. Walipofika, waokoaji wawili walikuwa ndani ya maji wakimtafuta msichana wa shule ile nyingine, na mwalimu wake amekaa chini kwenye vigae, viatu mkononi, analia. Mtoto wake alipokimbilia kwake alimkumbatia, kisha akamchapa kofi la mgongo, kisha akamkumbatia tena. Msichana mwembamba alikuwa kwenye benchi, begi mapajani. Zipu ya sketi yake ilikwama, akakawia chooni kuihangaikia.

"Kwa nini hukupiga kelele, mwanangu?" Matroni akamuuliza.

"Nilikuwa nakusubiri wewe," akanong'ona. "Si ulisema pacha wangu ni wewe?"

Hakumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililomkata Matroni maini. Njia nzima alimshika mkono.

Walipofika getini dereva alimvuta pembeni. "Dada, tumetoka na arobaini na mmoja, tumerudi na arobaini na mmoja. Hakuna aliyeumia. Sasa kwenye kitabu cha safari utaandika nini?"

"Nitaandika nilimsahau."

"Watazifuta safari."

"Najua," akasema, akaingia ndani. Aliandika yote nusu ukurasa, mpaka habari ya zipu. Aliogopa kufutiwa matembezi kuliko alivyoogopa kufukuzwa kazi, lakini kila alipotaka kufupisha alimwona yule mtoto kwenye benchi.

Jumatatu mwalimu mkuu aliisoma taarifa hiyo mara mbili. Hakugomba. "Umesema kweli, nakushukuru," akasema. "Matembezi yataendelea. Lakini si na wewe, Matroni. Atawapeleka mwalimu wa michezo."

"Yaendelee tu, Mwalimu," akajibu. Alifurahi kwa ajili ya wasichana, si yake.

Mwalimu wa michezo alikuwa binti aliyeajiriwa mwaka huohuo, ana haraka na ana moyo mzuri. Ijumaa mchana alikuja chumbani kwa Matroni na kalamu. Akaambiwa nani hutapika basi likipanda mlima, nani huogopa giza la sinema, mlinzi gani wa makumbusho ukimsalimia vizuri huwaruhusu wakae zaidi, na kwamba msichana mwembamba asipewe pacha mwenye makelele. Binti aliandika kurasa tatu, akafunga daftari, akatazama kitanda, meza, na viatu vya raba chini ya kiti.

"Angalau sasa utapumzika," akasema. "Wewe mwenyewe, Matroni, wikiendi huwa unaenda wapi?"

Matroni naye akavitazama viatu.

"Huwa naenda nao," akasema.