Nilivyomshusha Mama Mkwe Barabarani

Chekeni tu, maana hata mke wangu bado ananicheka. Juzi nilimfuata mama mkwe kule Sudi, nimlete Lindi amwone mjukuu wake aliyezaliwa. Tulipofika kwenye mchanga mwingi nikashuka, nikapunguza upepo tairi zote nne, huku nampa darasa: "Mama, tairi ikilegea inakanyaga kwa upana, haizami." Akanisifu sana. Nikavimba kichwa.

Tulipoingia kwenye lami gari likawa zito, linayumba. Nikajua tu ni mzigo wake: muhogo, nazi na jogoo wa mzazi. Sasa mkwe unamwambiaje? Nikajiumauma, nikasema gari limechoka kidogo. Mama wa watu akashusha vikapu mwenyewe. Bado zito! Akashuka na yeye. "Labda ni huu mwili wangu, mwanangu," akasema, akasimama pembeni na jogoo kwapani.

Nikaendesha mbele kidogo peke yangu. Zito vilevile. Niliporudi nikamkuta ameinama, anaziangalia tairi zangu zilivyolala kama chapati.

"Baba," akaniuliza kwa upole, "ule upepo ulioutoa kule mchangani, huku kwenye lami haurudishwi?"