Mtaa wa Mkate

Bibi huyu alizaliwa Berlin mwaka 1927, katika mtaa wa nyumba za bei nafuu uliojengwa ukipinda kama kiatu cha farasi, kila baraza likitazama bustani moja na kidimbwi chake. Sasa anaishi peke yake ng’ambo ya bahari, katika mji wa Adelphi, na kila asubuhi huujenga mtaa huo mezani kwa vipande vya mkate, akivisogeza kwa vidole vyake vilivyokakamaa, huku Jepkosgei, mhudumu wake, akimimina chai.

“Hapo katikati, nyanya, kwetu tungelaza ng’ombe,” Jepkosgei humtania.

“Wangekunywa kidimbwi chote,” bibi hujibu bila kucheka.

Mwanawe anataka ahamie nyumba ya wazee huko Springfield. Wiki nzima ramani ya jengo imelala kwenye friji bila kutazamwa. Leo bibi ameivuta, akapitisha kidole kwenye korido ndefu iliyonyooka, milango huku na huku.

“Hawa huonana wapi?”

Jepkosgei aliinama, akatafuta. “Hapo koridoni tu, nyanya.”

Bibi alikunja ramani, akaanza kuula mtaa wake kutoka mwisho mmoja. Jioni Jepkosgei atampigia mwana wa bibi simu, amwambie mama yake hahami.