Lita Tano za Tamar

Tamar Mathe alichaji betri za watu huko Mususa. Kemia aliisoma miaka miwili katika shule ya misheni ya Lubero kabla ya kuozwa. Mwaka wa pili wa uasi alikwenda Goma kuleta lita tano za asidi ya salfuriki, kwa kuwa betri ya taa ya maternité, wodi ya kujifungulia, ilikuwa imekufa, na Orpa mkunga alizalisha akina mama huku tochi ameibana kwa meno.

Akirudi kwa lori, karibu na Alimbongo alikuta kizuizi cha waasi. Kalala, karani aliyetoka mkoa wa mbali, aliinua bidoni, dumu lile la asidi, akaguna, akaitundika kwenye mizani ya viazi.

"Kilo tisa! Litre tano ya maji iko kilo tano. Mama, umeficha or, dhahabu, ndani."

"Hapana, chef. Acide yenyewe ndiyo iko nzito."

"Ya betri tunaijua. Haiko nzito hivi."

"Ile ya betri banachanganya na maji. Hii ni ya ma-usine, ya viwanda, kali, bado kuchanganywa. Nitaichanganya ku nyumba."

"Karatasi yako ya ruhusa inasema acide ya betri. Donc unadanganya karatasi!"

"Anatuona ba-yuma, bapumbavu!" akacheka askari mmoja wa kizuizi.

Kalala akamwamuru askari huyo amimine maji ndani ya bidoni, dhahabu ionekane. Tamar akamdaka mkono.

"Papa, unataka kupofuka? Maji ikiingia mule inachemka, inakurukia ku macho!"

Tamar alikasirika. Awaokoe macho watu wanaomwita mwizi! Watu ambao hawajawahi kupima kitu isipokuwa mizigo ya wenzao! Akaomba beseni la maji ya mvua, akatiririsha asidi humo kidogo kidogo. Kalala aligusa beseni, akaurudisha mkono upesi. Joto lilimtosha. Akaandika kwenye karatasi: silaha.

"Kama inaunguza askari, iko arme. Inabaki hapa."

Ushahidi wake mwenyewe ukawa kosa lake. Tamar akaifunga bidoni.

"Ya betri inaruhusiwa?"

"Eh, ile inapita."

"Basi futa hiyo, chef, na unitazame."

Lori lilimwacha. Aliazima bidoni kwa wauza viazi wa kando ya barabara, akachanganya asidi na maji mpaka jua likainama, akingoja kila beseni lipoe. Lita tano zikawa ishirini za asidi ya betri, halali kabisa, na kilo tisa zikawa ishirini na tano za kubeba.

Kalala aligonga muhuri, kisha sauti ikalainika. "Mama Tamar, betri ya jeep yetu nayo imechoka. Utuachie bidoni moja?"

Tamar alikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Mulete betri Mususa," akasema. "Itapanga mustari. Ya Orpa kwanza."