Nilivyoikata Kichwa Pilipili ya Baba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu huko Endagikot, kila mtu nyumbani kwetu alikuwa na pilipili yake. Sisemi kwamba kila mtu aliila. Mlaji alikuwa Baba peke yake, na ugonjwa huo aliuokota kazini. Alikuwa akiendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule chini kwenye uwanda wa Hanang, ambako walikutana watu wa kila kabila na kila mmoja alikuja na mapishi yake. Mwaka mmoja alirudi na mbegu zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, pamoja na madebe manne matupu ya oili ya trekta. Bibi yangu, mama yake Baba, ambaye kwa Kiiraqw tulimwita Ama, alizinusa zile mbegu akauliza chumvi imemkosea nini mwanawe.

Lakini madebe aliyapenda. Aliyasugua kwa majivu na mchanga mpaka harufu ya oili ikaisha, akayatoboa chini kwa msumari, akayajaza udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Miche ilipoota alihamishia mmoja katika kila debe, akayapa majina: hili la Baba, hili la Mama, hili lako, hili langu. Bustanini baridi yetu ingeiua, ila mmea wa kwenye debe unaweza kuuingiza ndani jioni na kuutoa jua likipanda, na kazi hiyo ikawa yangu. Kabla sijagusa debe la kwanza, Ama alinikalisha chini akaniambia kwamba mti uliopewa jina la mtu haukatwi kichwa. Ningeweza kuupalilia, kuumwagilia, hata kuchuma majani ya pembeni, lakini ile ncha ya juu ndiyo mwenyewe. Ukiikata umemkata yeye.

Sijui hadi leo kama imani hiyo ni ya Wairaqw wote au ilikuwa ya Ama peke yake. Nimewauliza wazee wa Endagikot na wa Dongobesh. Wengine wamekubali kwa kichwa, mmoja alinicheka waziwazi. Mimi niliiamini kama nilivyoamini kwamba moto unaunguza.

Mavuno ya ngano yalipofika, Baba alishuka Hanang kama kawaida, na pilipili yake ikaanza kunitia wasiwasi. Zote nne zilikuwa zimerefuka, lakini ya kwake ilipita kiasi: shina jembamba, tawi hata moja hakuna, ndefu mpaka inatia huruma. Niliisimamishia kijiti nikaifunga kwa kamba ya mkonge. Upepo wa asubuhi ukija, inainama na kijiti chake. Na kwa kuwa pilipili ile ilikuwa Baba, sikuweza kuitazama bila kumwona yeye akiinama.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa kilimo, aliyekuwa na pilipili hoho kwenye makopo barazani kwake, alitupeleka kuziona. Alituonyesha kwamba mmea ukifika kama shibiri moja na nusu, unaiminya ncha ya juu kwa kucha, juu kidogo ya jani. Nguvu iliyokuwa inakimbilia juu inarudi kwenye makwapa ya majani, matawi yanatoka pembeni, shina linanenepa, na mmea unakuwa kichaka. Usipoukata, alisema, siku moja utaanguka kwa uzito wa matunda yake wenyewe.

Utaanguka. Nilirudi nyumbani na neno hilo moja tu. Naomba ieleweke kwamba sikuwa mtoto mtundu, na siku ile sikuwa nacheza. Mama alikuwa shambani, Ama alikuwa ameteremka mtoni. Nilimwomba Baba radhi kwa sauti, nikaminya. Ncha ilitoka kirahisi mno, majani manne madogo yaliyokuwa bado hayajakunjuka vizuri. Niliizika nyuma ya zizi, nikapaka tope mahali palipokatika ili Ama asione.

Siku ya nne dereva wa lori la shamba alisimama kwetu. Alimwamkia Ama shikamoo, akakataa kiti, akasema mkono wa Baba umeshikwa na mkanda wa kombaini, damu imemtoka nyingi na yuko hospitali. Mama aliondoka na lori hilohilo. Tulibaki Ama na mimi, na siku tano zikapita bila neno lolote kutoka Hanang.

Chakula kilinishinda, usingizi ukanikimbia kabisa. Ama alidhani namlilia Baba, na kweli nilimlilia, lakini zaidi nililia kwa sababu nilijua ni mimi niliyemuua. Ama alizaa watoto watano akazika wanne. Baba ndiye aliyebaki. Hilo hata mtoto wa darasa la tatu alilijua vizuri, na kila nilipomwona ameketi mlangoni anatazama njia, moyo wangu ulikauka.

Jioni ya siku ya tano, nikiingiza madebe, lile la Baba lilinishinda kubeba. Halikuwa zito. Nilikaa chini kando yake nikamweleza Ama kila kitu, mwalimu, ukucha, mpaka lile tope. Alikuja akachuchumaa, akalifuta tope kwa kidole gumba, akapatazama mahali pale. Nilisubiri fimbo. Ningeshukuru kupigwa.

"Kwa nini ulikata?" aliuliza.

"Ilikuwa inaanguka, Ama. Nilitaka isimame."

Aliinuka. Kisha aliingia ndani akatoka na kisu chake kidogo cha kumenyea viazi. Alilivuta debe lake mwenyewe, akataka nimwonyeshe mwalimu alisema pakatwe wapi. Nilimwonyesha. Akakata.

"Haya. Sasa baba yako hayuko peke yake," alisema. "Kama kuna kinachokuja kuchukua mtu, kitanikuta na mimi nipo, na mimi ndiye niliyeiva. Nenda kalale, mjukuu wangu."

Usiku ule nililala mpaka jua likanikuta.

Baba alirudi na Mama baada ya wiki tatu, mkono umefungwa kitambaa. Vidole viwili vilikuwa vimekatika, kwenye ncha. Sisemi neno juu ya hilo, kila mtu aamini anavyoweza. Alipoziona pilipili mbili zimeanza kuchipua matawi pande zote aliuliza zimefanywa nini, na Ama akamsingizia mbuzi. Zile mbili zilizaa mpaka tukawa tunawagawia majirani ambao hawakuzitaka. Yangu na ya Mama zilibaki ndefu na nyembamba kama watu wenye kiburi.

Ama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilipokuwa sekondari nilipenda kuwasimulia wenzangu kisa hiki kama siku ambayo elimu ilimshinda bibi yangu. Nilisema alikata ya kwake ili kunionyesha kwamba hakuna lolote, ni maneno ya wazee tu. Nilijiona nimemwelewa vizuri sana.

Wiki moja baada ya kumzika, nilikuwa nachambua maharage na Mama, nikakisimulia tena, nikicheka. Mama hakucheka. Alisema siku ile waliporudi kutoka hospitali Ama alimwita pembeni. Alimwonyesha blanketi la kumzikia, akamtajia kila ndama ni wa nani, akamwambia mbegu za mahindi amezihifadhi wapi, kwa maana mvua zijazo zisingemkuta. Mama hakuelewa, kwa kuwa Ama hakuwa mgonjwa, na hakuthubutu kumuuliza.

Mikono yangu ilisimama kwenye ungo. Ama aliamini kila neno alilonifundisha. Alipokata ncha ile alijua anajikata mwenyewe, na aliikata ili mimi nipate usingizi.