Baba wa Bibi Harusi Alibeba Kosa Langu

Kosa ni langu, na nalisema mapema usije ukanionea huruma. Huruma sistahili.

Mimi ni mama mtu mzima wa Tanga, naishi Birmingham, huku Castle Vale. Kazi yangu ni msimamizi wa jiko katika gereza moja. Wapishi ni wafungwa wenyewe. Mimi nawapangia kazi, nahesabu visu, naonja mchuzi, nafunga makabati. Nikitoka hapo narudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Mwanangu yuko kwake Longbridge, upande wa pili wa jiji; nampigia simu kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, tena haraka haraka. Zilipita wiki sijasikia Kiswahili ila changu mwenyewe nikigombana na birika!

Halafu akaletwa jikoni Mzanzibari mmoja, nimwite Baba Rehema. Siku ya kwanza alinisikia nikisema "Lahaula!" mchuzi ulipomwagika. Akacheka, kiazi mkononi.

"Kumbe wetu, dada!"

Jamani, nilitaka kulia. Sheria inakataza mazoea na mfungwa. Alipaswa kuniita Miss, na mbele za watu aliniita hivyo. Lakini tukiwa kwenye vitunguu tuliongea. Alikuwa akinitania kwamba watu wa Tanga tunapiga soga mpaka chakula kinaungua.

Habari yake kubwa ilikuwa Rehema, bintiye wa pekee, aliyezaliwa hapa hapa Birmingham. Ndoa ilipangwa baada ya Idi. Gereza lilikuwa limempa ruhusa ya saa chache, akiwa na askari, akamuozeshe binti yake. Shehe alijitolea kumwakilisha, akakataa.

"Mie mwenyewe, dada. Kwa kinywa changu."

Akawa anafanya mazoezi kwenye sinki. "Nakuozesha binti yangu Rehema..." Akikwama ananigeukia. "Sauti inatetemeka?"

"Inatetemeka."

"Basi tena!" Anaanza upya.

Ramadhani ikaingia. Waliofunga tuliwapakia futari kwenye vyombo vya kutunza joto, wakafuturu kwenye seli zao. Siku moja akasema hajanywa uji wa pilipili manga tangu aingie ndani. Sasa, pilipili jikoni kwetu ni marufuku, maana inaweza kumwagwa machoni mwa askari. Hata mimi siruhusiwi kuipitisha getini. Sheria hiyo naijua vizuri, wafanyakazi wapya nawafundisha mimi.

Nikaipitisha! Niliifunga kwenye pembe ya mtandio kama bibi anavyofunga hela zake. Nikampikia uji. Kesho yake akaniambia alikunywa machozi yakamtoka. Nikajiona nina ndugu tena, nikaendelea. Na nisiseme uongo, sikufanya kwa ajili yake tu. Nilikuwa nimechoka kukosa mtu wa kumpikia.

Ikaja siku ya upekuzi. Askari wakakuta kifurushi cha pilipili nyuma ya magunia ya mchele, pale pale nilipokificha.

"Ya nani hii?"

Baba Rehema alikuwa anaosha sufuria ya uji. Alinitazama mara moja tu. Na mimi nikafanya nini? Nikageukia friji, nikajifanya nasoma kipimajoto!

"Yangu," akasema.

Baadaye niliitwa ofisini, nikaulizwa kama kuna ninalolijua. Nilikuwa peke yangu na mkuu wa usalama, mlango umefungwa, nafasi ya kusema ipo. Nikasema sijui. Niliwaza kazi, niliwaza kodi ya nyumba, niliwaza aibu. Yeye aliwaza nini sikupata kumuuliza. Aliondolewa jikoni siku hiyo hiyo, ruhusa ya kwenda harusini ikafutwa, kisha akahamishiwa gereza la mbali.

Na harusini nilikwenda! Waswahili wa huku hatutembeleani, ila kwenye shughuli tunajuana. Akina mama waliniomba nikasaidie pilau, ningekataa kwa sababu gani? Ukumbi ulikuwa Digbeth. Tukiwa upande wa wanawake tukasikia kwenye kipaza sauti, "Nakuozesha binti wa kaka yangu..." Vigelegele vikapasua ukumbi. Mimi mwiko ulinidondoka.

Baadaye Rehema akaja kuwashukuru wapishi, hina mpaka viwikoni. Macho ni ya baba yake matupu.

"Shikamoo, Auntie. Are you the one wa jikoni? Baba alisema kule ndani kuna dada mmoja Mswahili, anamtunza sana. I just wanted to say asante."

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Si mimi."

Akaniomba radhi. Yeye akaniomba radhi mimi! Kisha akaenda kumuuliza mama mwingine.

Tangu hapo siendi kwenye shughuli za watu. Nikialikwa nasema niko zamu. Jikoni sisemi na mtu ila kutoa amri, na nyumbani nawasha redio nipate sauti tu. Ofisini bado sijakwenda kusema ukweli. Nimeanza na ninyi kwa kuwa hamnijui, na huo pia ni woga, najua.

Wewe uliye ugenini, nakuomba sana. Ukivunja sheria kwa sababu ya upweke, jiandae kuibeba mwenyewe. Na ukiona mwenzako anaibeba kwa ajili yako, sema hapo hapo, kabla hawajamtoa mlangoni. Usijidanganye kwamba utasema kesho. Mimi kazi ningepata nyingine, hata ya kufagia. Yule baba ana binti mmoja tu, na ameshaozeshwa.