Mahali pa Zenon

Kila Jumamosi ya Oktoba mimi, Zenon na Halina huenda msituni nje ya mji wa Białystok kutafuta uyoga. Tukifika tunaachana, kila mtu na filimbi yake shingoni, kwa sababu huku kwetu mtu hamwonyeshi hata rafiki yake mahali pake pa uyoga. Zenon ni fundi wa mapaa, mtu mpole. Funguo za nyumba yake ninazo. Mahali pake sipajui, huu mwaka wa ishirini.

Jumamosi iliyopita aliteguka kifundo cha mguu akiwa hapo hapo pake. Angepiga filimbi, tungemfikia mara moja. Lakini tungepaona. Basi akajiburuta kwa makalio, kikapu mapajani, saa nzima mpaka barabarani, ndipo akapiga filimbi.

Tulimkuta analowa jasho, mguu umevimba kama kabichi.

"Umeangukia wapi, ndugu yangu?" nikamuuliza.

"Hapa hapa."

"Hapa palipo tambarare kama meza?" Halina akasema.

"Niliteleza."

Halina alikuwa akitazama nyuma ya Zenon. Katikati ya majani ya manjano kulikuwa na mfereji mweusi, upana wake sawa na makalio ya Zenon, umenyooka kuingia msituni.

Zenon naye akageuka, akauona.

"Nipelekeni hospitali," akasema. "Wote wawili. Sasa hivi."

Tukambeba. Mimi nilishika mabega. Halina alishika miguu, akasema yeye ataona nafuu kutembea kinyumenyume, uso ukielekea msituni.