Maonyesho ya Dharura ya Neville Trembath

Halmashauri ya Wilaya ya Wilgara, baada ya kutafakari kwa kina na kunywa chai mara mbili, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe mosi Juni magari yote yenye asili ya jeshi na umri unaozidi miaka arobaini yatahesabiwa kuwa vitu vya kumbukumbu, si mitambo ya kazi. Kwa hiyo hayana uwezo wala ruhusa ya kuvuta, kukokota, kunasua au kunyanyua kitu chochote katika ardhi ya halmashauri, isipokuwa yawe katika maonyesho yaliyoandaliwa na klabu iliyosajiliwa, mbele ya watazamaji. Tangazo lilisema limezingatia ushauri wa mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe hakutajwa jina, pengine kwa usalama wake.

Pale Port Nankivell, mji mdogo wa pwani wilayani humo, hakuna aliyehangaishwa na neno "yote". Mama akisema "kuna watoto hapa hawaoshi vyombo", huku amemkazia macho mmoja, wengine huendelea kula. Aliyekaziwa macho alikuwa Maude.

Maude ni lori la jeshi la magurudumu sita, la mwaka 1966. Mwenye lori ni Neville Trembath, fundi mstaafu wa maghala ya shayiri, mtu wa miaka sitini na minane, mrefu, mgongo umepinda kwa kuishi muda mrefu chini ya vitu vizito. Miaka kumi na mmoja iliyopita alimuaga mkewe Valda kwamba anakwenda Adelaide kutafuta mashine ya kukatia majani. Njiani kulikuwa na mnada wa jeshi. Kesho yake akarudi akiwa amekaa kiti cha abiria cha lori la mtu mwingine, na nyuma yake, juu ya trela refu, mzigo wa chuma usio na milango, na injini imepangwa vipande vipande ndani ya makreti.

"Hiyo itakata majani?" Valda aliuliza.

"Itayalaza," akajibu Neville.

Tangu hapo banda la nyuma likawa la Maude, na Neville akawa mtu wa Klabu ya Magari ya Jeshi ya Ghuba ya Juu: wanachama kumi na wanne, magari kumi na tisa, saba kati ya hayo yakitembea. Watu wa klabu hii ni wapole isipokuwa katika suala la rangi. Kuna kijani, na kuna kijani ya jeshi ya mwaka 1966, na mtu anayedhani ni rangi moja ashukuru kwamba hajawahi kusema hivyo mkutanoni.

Neville hakufanya jambo kwa kubahatisha. Alipata picha moja tu ya lori la aina ya Maude, limeegeshwa kambini na askari kijana ameliegemea, akaifuata kama msahafu. Picha ilionyesha koleo, shoka na madebe ya maji vikiwa ubavu wa kushoto. Neville akatoboa, akachomelea, akafunga. Kazi hiyo ilimchukua misimu miwili ya baridi. Siku ya mashindano ya uhalisia, Glenys Polkinghorne, katibu wa klabu na jaji, mwalimu mstaafu wa hesabu asiyewahi kumpa mtu alama ya huruma, aliichukua ile picha akaitazama kwa muda.

"Neville, huyu askari amevaa saa mkono wa kulia."

"Wapo watu wa hivyo."

"Na shati lake linafungwa kama la mwanamke. Ama jeshi lilimgawia blauzi, ama picha yako imechapwa kinyume."

Neville akapoteza alama thelathini na moja. Akahamisha kila kitu kwenda ubavu wa kulia na kuziba matundu kumi na manne, moja moja, kwa risasi iliyoyeyushwa. Hakuna aliyemcheka, yaani akiwapo.

Gari la namna hii halisajiliwi kwa ajili ya kutumika, husajiliwa kwa ajili ya kupendwa. Kibali chake kinaruhusu kwenda kwenye shughuli za klabu, na pia safari fupi za majaribio, mradi kila safari iandikwe kwenye daftari kabla ya ufunguo kuzungushwa. Daftari la Neville lilikuwa safi na fupi. "Kujaribu breki." "Kujaribu breki." Msimu mmoja wa mavuno Maude alijaribiwa breki mara arobaini na saba, kila mara katika shamba la mtu ambaye lori lake la nafaka lilikuwa limezama mpaka tumboni. Siku moja breki zilijaribiwa mbele ya kanisa, na gari la bibi harusi likatoka kwenye mtaro.

Aliyelisoma daftari hilo kwa makini alikuwa Rohan Schirmer, afisa wa sheria ndogo za halmashauri, kijana mwenye buti zisizojua matope. Alimwandikia Neville onyo la kwanza, kisha la pili. La tatu, barua ilieleza, lingekwenda moja kwa moja kwa wenye kutoa vibali, na Maude asingekanyaga barabara tena. Valda naye aliisoma barua ile, kisha akaongeza kifungu chake.

"Siku lori hilo likikosa ruhusa ya kutoka bandani, litatoka mara moja tu, liende zake. Mimi nina cherehani tatu zinalala chini ya kitanda."

Kwa hiyo tangu Machi, Neville alikuwa mtu mwema. Wakulima walimpigia simu, akawapa pole.

Ijumaa ya mwisho ya Juni, siku moja kabla ya mkusanyiko wa mwaka wa klabu, alikuwa barazani akinywa chai na kutazama bahari kwa darubini ya jeshi, ya mwaka 1966. Akaliona gari jeupe la halmashauri likirudi kinyumenyume kwenye mteremko wa kushushia boti, likisukuma trela lenye mashine ya zege, mifuko ya saruji na kibao kikubwa kipya. Kibao kilikuwa na lile tangazo. Kilitakiwa kusimikwa ufuoni kabisa, mahali hasa ambapo watu hukwama.

Mwani wa ufuo ule ukikauka juu huonekana kama zulia. Chini yake ni uji. Wenyeji huuzunguka bila kufikiri, kama mtu anavyomzunguka mbwa wake aliyelala mlangoni. Rohan Schirmer alitoka mjini.

Neville alimaliza chai yake. Kisha akachukua chupa ya chai na kiti cha kukunja, akateremka kwa miguu.

"Habari za asubuhi, bwana Schirmer."

"Nzuri."

"Naona umeegesha."

"Nimekwama kidogo."

"Kidogo tu." Neville alikunjua kiti akaketi. "Ekseli ya nyuma siioni, lakini naamini ipo."

Rohan alikuwa ameshapiga simu kwa wavutaji magari wenye leseni. Walikuwa kilomita mia na arobaini kutoka hapo, wakimalizia kazi nyingine, na waliahidi kufika saa nane mchana. Ilikuwa saa nne na robo. Maji yangejaa saa sita.

"Lori lako lipo?" Rohan aliuliza, akitazama pembeni.

"Lipo. Linapumzika." Neville aliinama asome kibao kilicholazwa kwenye trela, kwa sauti ya taratibu kama anayesoma wasia. "Halina uwezo wala ruhusa. Ruhusa naielewa. Lakini uwezo, hapo mlinihuzunisha."

"Neville, tafadhali. Nitafumba macho."

"Ukifumba macho hunisaidii. Daftari linataka niandike nakwenda wapi na kufanya nini. Nikiandika nakuvuta wewe, nimejitia kitanzi. Nikiandika breki, uliniambia mwenyewe kwamba breki zangu zimejaribiwa kuliko za ndege."

Rohan alikumbuka kusema hivyo. Wakati ule aliliona neno zuri.

Utani ukaisha hapo, kwa sababu wimbi dogo lilikuja likalamba gurudumu la trela, na Neville akasimama bila kujua kwamba amesimama. Mtu aliyetumia miaka kumi na mmoja kukwangua kutu hawezi kutazama chumvi ikipanda kwenye chuma, hata kama chuma chenyewe ni cheupe na bampa lake ni la plastiki. Winchi ya Maude, mtambo wake wa kuvutia kwa waya, ingeweza kumaliza kazi ile kwa dakika kumi. Na kesho yake mtu yeyote aliyepita angesimulia, kwa sifa tu, na sifa hizo zingemfikia mwenye kutoa vibali kabla ya Jumatatu. Akafikiria banda likiwa na cherehani. Akatoa simu, akampigia Glenys.

Glenys alifika baada ya dakika kumi na mbili kwa gari lake la wagonjwa, la jeshi pia, akiwa na kitabu cha kumbukumbu za mikutano, kamba, na kopo la keki za nazi. Alikisoma kibao chote, mpaka nukta ya mwisho.

"Isipokuwa maonyesho," alisema. "Nani aliandika hapa?"

"Mimi," alisema Rohan.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Mkutano wa dharura unahitaji wanachama watatu. Neville, kamlete Valda."

Valda aliteremka na aproni yake, mikono ina unga wa pasti, zile sambusa kubwa za nyama.

"Mimi nahusikaje?"

"Wewe ni mwanachama," alisema Glenys. "Miaka kumi na mmoja sasa. Neville alikuandikisha kwa sababu ya ada ya familia. Uliwahi hata kuwa mweka hazina msaidizi."

"Nilifanya kazi nzuri?"

"Hatukupata malalamiko."

Glenys alifungua mkutano. Hoja ilikuwa moja: kwamba klabu iandae, leo hii na mahali hapa, maonyesho ya matumizi ya winchi. Neville akaafiki. Glenys akaafiki. Wakamtazama Valda, ambaye alikuwa akitazama maji. Yalikuwa yameshafika kwenye kibati cha namba cha trela.

"Kura yangu ina thamani gani?" aliuliza.

"Bila hiyo hoja inaanguka."

"Basi nataka nusu ya banda."

"Valda, mkutanoni hatuleti mambo ya nyumbani," alisema Neville.

"Banda lipo nyumbani. Mkutano ndio umeletwa ufuoni."

"Robo."

Wimbi jingine likaingia. Mfuko mmoja wa saruji ukaanza kubadilika rangi.

"Theluthi, na dirisha ni lako," Neville aliongeza.

"Mimi sina haraka," alisema Valda. "Gari si langu."

Neville alimtazama Rohan, Rohan akaitazama bahari, na mabwana hao wawili, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, wakawa na maoni yanayofanana.

"Nusu," alisema Neville.

"Naafiki," alisema Valda.

Neville akapanda bandani, akaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wa kutulia: "Maonyesho ya klabu, mteremko wa boti." Ndipo akazungusha ufunguo. Maude aliteremka akinguruma kama ng'ombe aliyeamshwa, akasimama mahali zege linapoishia, uso umeelekea baharini. Magogo yakawekwa chini ya magurudumu yote sita. Waya wa winchi ukanyooshwa mpaka kwenye gari la halmashauri, na juu ya waya Neville akatupia gunia lililolowa, ili ukikatika usiruke ukamkate mtu. Glenys alifunga kamba yake kati ya nguzo mbili.

"Watazamaji, nyuma ya kamba."

Rohan aligeuka nyuma kuona anaambiwa nani.

"Wewe," alisema Glenys. "Maonyesho bila watazamaji ni kazi. Weka sahihi yako hapa kitabuni, kwenye safu ya wageni. Keki ipo."

"Na usukani atashika nani?"

"Valda."

"Mama huyu haruhusiwi kuendesha gari la halmashauri."

"Haendeshi, anaonyesha. Karibu keki."

Valda alikuwa ameshaingia, aproni na yote, akisogeza kiti mbele. Neville akatia gia, waya ukakaza, gunia likanyanyuka kutoka mchangani. Kwa kitambo hakuna kilichotokea isipokuwa kelele. Kisha uji ukatoa sauti ya mtu anayevua buti lililobana, na gari jeupe likaja juu taratibu, na trela lake, na mashine yake ya zege, na kibao chake kinachosema kwamba jambo hilo haliwezekani. Rohan Schirmer alisimama nyuma ya kamba na keki ya nazi mkononi. Alikuwa mtazamaji wa mfano. Mwishoni alipiga makofi, baada ya Glenys kumtazama.

"Unashukuru?" Neville alimuuliza, akikunja waya.

"Nashukuru."

"Usinishukuru mimi. Uwezo sina."

Mifuko miwili ya saruji ilikuwa bado mikavu, ikatosha. Neville alimwazima Rohan koleo, lile la ubavu wa kulia, na kufikia saa saba kibao kilikuwa kimesimama, kimenyooka, mita nne nyuma ya pale kilipopangiwa. Wavutaji wenye leseni walifika saa tisa, wakapewa pasti.

Kesho yake, kwenye mkusanyiko, Maude alishika nafasi ya pili. Glenys alimkata alama nne kwa ajili ya mwani uliokutwa kwenye winchi, ambao kwa maoni yake haukuwa wa mwaka 1966. Onyo la tatu halikuandikwa, maana hapakuwa na kosa. Sasa Maude analala nusu ya banda, ubavu wa kulia umegusa ukuta, na Neville akitaka koleo lake hulifuata kwa kutambaa. Cherehani zina dirisha.

Kibao kingalipo na kinasomeka vizuri. Mwezi wa Agosti, baada ya mvua za siku tisa, klabu ilipokea barua ya halmashauri, yenye muhuri na sahihi ya R. Schirmer, ikiuliza kwa heshima kama kuna nafasi ya kuandaa maonyesho siku ya Jumanne katika barabara ya Penhale. Greda la halmashauri lilikuwa limezama huko tangu Jumapili.